Kikao Ambacho Hakikukaa

Wakili Revocatus alipoamua kusomesha watoto wa watu, mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa Mwanvua, kwa sababu ndiye ambaye angefanya kazi yenyewe.

"Mama Nusrat," alimwambia asubuhi hiyo, mguu mmoja ameupandisha juu ya kiti cha wateja, anafuta kiatu kwa tishu, "tunaanzisha ufadhili. Kila mwaka mwanafunzi mmoja, chuo kikuu, ada yote juu yetu. Lakini si mwanafunzi yeyote tu. Awe anataka kusoma kitu cha kusaidia familia. Sheria, ustawi wa jamii, ushauri nasaha, mambo hayo. Aandike kurasa mbili, kwa nini anataka kusimama na familia. Umenielewa?"

Mwanvua alielewa. Alikuwa ametimiza miaka kumi na mmoja katika ofisi ile ya ghorofa ya pili jijini Mwanza, juu ya duka la dawa, dirisha moja likitazama ziwa na jingine likitazama choo cha jirani. Alikuwa karani, mpokea wageni, mchapaji na mpika chai. Wateja wengi walikuwa watu wa talaka na mirathi, na kwa miaka hiyo yote alikuwa ameijua harufu ya familia inayovunjika: jasho la safari ndefu, na mafuta ya nywele ya watu waliojipamba ili waaminike.

"Watakuja wengi, Wakili."

"Waje. Wewe ni mama, utawasoma wewe. Uniletee watano. Sitaki wanaojua sana, wanaojua sana wananichosha. Nataka wanaoliza."

Tangazo likasomwa redioni na kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kuanzia Nyakato hadi Ukerewe. Lilikuwa na picha ya wakili ndani ya joho lake jeusi, mkono ameuweka begani mwa bibi mmoja mnyonge, na chini yake maneno makubwa: UFADHILI WA WATETEZI WA FAMILIA. Yule bibi hakuwa mteja wao. Alikuwa amepanda ngazi siku hiyo akiulizia ofisi ya bima, akaombwa asimame kidogo, akapigwa picha, akaelekezwa mlango wa tatu kushoto.

Barua zilikuja sitini na tatu. Mwanvua alizisoma saa za chakula, wiki nzima, wali ukipoa pembeni. Binti mmoja wa Nyakato aliandika kuhusu baba yake aliyekatwa vidole na mashine kiwandani, na jinsi nyumba nzima ilivyojifunza kumfunga vifungo vya shati bila kumtazama usoni. Kijana mmoja, Antoni, alisema anataka kusomea ushauri nasaha kwa sababu kwao watu tisa walikuwa wanakula sahani moja na hakuna aliyezungumza. Mwanvua alilia mara mbili, akacheka mara moja, akaanza kuona kwamba hata kama ufadhili wenyewe ulikuwa wa kujitangaza, mtoto mmoja angesoma, na hilo halikuwa jambo dogo.

Kisha akafungua barua ya Precious.

"Jina langu ni Precious Shigela," iliandikwa kwa mkono, herufi zimesimama wima. "Baba yangu alikuwa seremala, Mabatini. Alifariki nikiwa kidato cha tano. Miezi mitatu baada ya mazishi, baba mdogo alikuja na karatasi ya mahakama ya kumpa usimamizi wa mirathi. Karatasi ilisema baba hakuacha mke. Mama alikuwa amekaa palepale anamenya viazi. Aliniambia nisome tena, alifikiri nimekosea. Nikasoma tena. Nilisoma mara tatu na mara zote tatu mama alikuwa hayumo. Mimi, mama na mdogo wangu tulitolewa kwenye nyumba ile wiki ambayo nilikuwa nafanya mitihani ya majaribio. Nataka kusoma ili siku karatasi ya namna ile ikiandikwa, awepo mtu wa kuuliza: mama wa nyumba hii yuko wapi?"

Mwanvua aliweka kijiko chini. Aliijua karatasi ile. Maneno yake aliyachapa yeye, kwenye muhtasari uliopelekwa mahakamani.

Ilikuwa miaka miwili nyuma. Ngosha, mdogo wa marehemu Shigela, alikuja na sato wa kukaangwa amefungwa kwenye gazeti, akakaa mbele ya meza ya Mwanvua, akaanza kula kama yuko kwake. Wakili alikuwa chumba cha ndani, mlango wazi, anatamka maneno kwa sauti.

"Andika, Mama Nusrat. Muhtasari wa kikao cha ukoo wa marehemu Shigela, kilichokaa nyumbani kwa marehemu, Mabatini, tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi."

Mwanvua akatazama kalenda. Ilikuwa tarehe kumi na nne. Akatazama saa ya ukutani. Saa nne na dakika tano. Kikao kilikuwa kinakaa Mabatini saa ileile, na mwenyekiti wake alikuwa hapa, ananyonya kichwa cha samaki.

"Wahudhuriaji, weka saba," wakili akasema. "Ngosha, taja majina."

Ngosha akataja, kila jina na mwiba mmoja aliotema kwenye gazeti. Alipofika la tano akasema, "Huyu alishafariki, lakini mweke, ni mtu wa heshima."

"Marehemu muondoe," wakili akasema kwa ukali. Alikuwa mtu makini katika kazi yake. "Weka aliye hai. Sasa, marehemu aliacha mke?"

"Kuna mwanamke pale."

"Wa ndoa?"

"Tulimtolea mahari. Ng'ombe kumi na wawili."

"Sikuulizi ng'ombe. Cheti kipo?"

"Ilikuwa ya kimila tu."

"Andika: hakuacha mke."

Mwanvua akaandika. Wakili akatoka na kalamu tatu za rangi tofauti, na Ngosha akasaini kwa niaba ya watu sita, mara akikunja mkono, mara akiunyoosha. Wa saba akamwekea dole gumba. Dole lilikuwa na mafuta ya samaki. Doa likatambaa kwenye karatasi kuzunguka wino, likang'aa. Ukurasa ule ikabidi uchapwe upya. Alipoondoka, Ngosha alimwachia Mwanvua mfuko wenye pande zuri la sangara. "Kwa ajili ya watoto, dada." Mwanvua alilichukua. Usiku alilipika kwa nazi, watoto wakalamba sahani, na Nusrat akauliza leo kuna sherehe gani. Hakuwahi kujiuliza habari za yule mwanamke wa Mabatini. Alikuwa na sababu zake, na sababu zilikuwa nzuri, na ndiyo maana sasa, ameshika barua ile, alijiona kama mtu aliyegundua kwamba harufu mbaya aliyokuwa akiitafuta chumbani ilikuwa inatoka kwenye nguo zake mwenyewe.

Aliificha barua chini ya rimu za karatasi. Ikakaa siku mbili. Siku ya tatu akaitoa, akaiweka kuwa ya tano kati ya zile tano, akazipeleka ndani. Labda alitaka kuiona sura ya wakili akiisoma.

Aliiona. Wakili Revocatus aliisoma yote bila kuinua kichwa, akarudi mwanzo, akasoma tena.

"Huyu ni wa Ngosha."

"Ndiyo, Wakili."

"Mtoto anaandika vizuri sana." Akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Huyu ndiye mshindi."

Kwa muda mfupi, labda kama wa kupanda ngazi moja, Mwanvua alimheshimu. Alifikiri: kumbe ana moyo, anataka kurudisha.

"Funga mlango, ukae. Mama yake ameanza kuzunguka kwa wale wasaidizi wa kisheria wa bure. Nimesikia wanataka kuomba rufaa nje ya muda. Nilikuwa nawaza nitawazibaje. Sasa mtoto amejileta kwa miguu yake." Akachukua kijiti cha meno kutoka kwenye kikombe. "Kwenye mkataba wa ufadhili, ongeza kipengele cha nane. Andika. Mnufaika, mzazi wake na ndugu zake wa damu wanathibitisha kwamba hawana, na hawatakuwa na, dai lolote dhidi ya kampuni au wateja wake, wa sasa na wa zamani. Dai lolote lililopo litaondolewa. Mama asaini chini yake."

"Watasoma, Wakili."

"Mbele ya kamera? Hakuna mtu anayesoma mbele ya kamera. Watu wanatabasamu." Akachokonoa jino la nyuma, akakitazama kilichotoka, akakirudisha mdomoni. "Na Ngosha naye aje. Familia iliyogombana, ofisi yetu imeipatanisha. Unaiona hiyo picha?"

Mwanvua aliiona vizuri mno. Alirudi mezani akachapa kipengele cha nane bila kosa hata moja, maana vidole vyake vilikuwa vimezoea kazi kuliko yeye. Alipomaliza, chai ya asubuhi ikampanda kooni, akakimbilia chooni, akatapika.

Wakili alimsikia. "Vipi, Mama Nusrat," alisema kwa kucheka aliporudi, "umri huo bado tu unatafuta mtoto?"

Wiki ile hakulala vizuri. Mumewe, Mbaruku, fundi wa injini za boti, mtu wa maneno machache, alimsikiliza jioni moja hadi mwisho huku mikono yake ikinuka petroli. Akasema, "Kazi utapata nyingine, au hutapata. Lakini mimi siwezi kukaa na mtu anayejigeuza kitandani kama samaki kwenye kikaango." Basi.

Jumamosi asubuhi Mwanvua akaenda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Kwenye barua ilikuwa imeandikwa kwamba mama anauza dagaa pale. Aliuliza wanawake watatu, wa nne akamwonyesha: mwanamke mrefu, mwembamba, kitambaa cha bluu kichwani, anasukuma gunia kwa goti.

"Mwangaluka, dada," Mwanvua alisema kwa Kisukuma chake cha kuazima.

"Mwangaluka. Unataka kwa debe au kwa sado?"

"Sikuja kununua. Wewe ndiye Mama Precious? Mimi nafanya kazi kwenye ofisi ya wakili Revocatus."

Mama Precious, jina lake Ng'washi, alinyanyuka taratibu, uso umechanua. "Wa ule ufadhili! Precious ameitwa jana kwa simu. Hatujalala kwa furaha. Twende nyumbani, dada, huwezi kukaa hapa kwenye vumbi." Akamwachia jirani gunia, akamshika Mwanvua mkono, akamvuta juu kwenye mawe, wakapanda kati ya nyumba zilizobanana na miamba, na njia nzima alikuwa anamshukuru. Mwanvua alitamani amwachie mkono. Hakumwachia.

Kilikuwa chumba kimoja, safi, pazia katikati. Precious alikuwa anafua nje, akaja mbio akipangusa povu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Kaeni wote wawili."

Akawaambia. Hakupamba. Aliwaambia habari za tarehe kumi na nne, za kalamu tatu, za yule wa tano aliyefutwa kwa sababu amekufa. Alipofika kwenye pande la sangara akalisema hilo nalo, kwa sababu aliona akilibakiza litamla. Kisha akatoa nakala ya mkataba, akawawekea kidole penye kipengele cha nane.

Precious alisoma kwa sauti. Alipomaliza, chini huko sokoni mtu alikuwa anapiga kelele za bei.

Ng'washi hakulia. Aliuliza jambo moja. "Uliandika jina langu mahali popote?"

"Hapana, dada. Hapakuwa na jina lako."

"Hata kunitukana? Hata kusema kuna mwanamke fulani, malaya fulani?"

"Hapana."

"Miaka kumi na tisa," Ng'washi alisema. "Mwaka wa mwisho alikuwa hajiwezi. Nilimwogesha mimi. Nilimbadilisha mashuka mimi, alfajiri na jioni, na Ngosha alikuwa akija anasimama mlangoni kwa sababu ya harufu." Akainuka, akaenda mlangoni, akatema mate nje kwa nguvu, kama mtu aliyeuma kitu kilichooza. Aliporudi hakukaa tena upande wa Mwanvua. "Na wewe ulikula."

"Nilikula."

"Mama," Precious akasema. Alikuwa bado ameshika mkataba. "Nisiposaini hii nitasoma na nini?"

Hilo ndilo swali ambalo Mwanvua alikuwa ameliogopa njia nzima. Ng'washi alimgeukia binti yake. "Nyumba ile ni yako na mdogo wako," alisema. "Mimi mawe haya nimeshayazoea. Ukitaka kusaini, saini, nitaweka dole langu chini yako na sitakulaumu hata siku moja."

Mwanvua alimtazama yule binti wa miaka ishirini, amewekewa mapajani nyumba ya baba yake na chuo chake, achague kimoja, na akaona chuki imempanda hadi kwenye meno. Hakuwa akimchukia Revocatus peke yake. Aliichukia ile karatasi ilivyonyooka, pembe zake zilivyo safi, fonti aliyoichagua yeye.

"Kuna jambo lingine," alisema. "Kompyuta inatunza tarehe na saa. Muhtasari ule uliandikwa ofisini saa nne na dakika tano ya siku ileile. Ninaweza kwenda kuapa."

"Utafukuzwa," Precious akasema.

"Nitakuwa nimeshaondoka."

Sherehe ilifanyika Ijumaa iliyofuata kwenye ukumbi wa hoteli moja ufukweni. Kulikuwa na keki yenye umbo la mizani, na wapiga picha wawili, na mshereheshaji aliyeita kila mtu mheshimiwa. Mwanvua alisimama mezani na kalamu na mikataba, kama alivyoagizwa. Wanafunzi wote watano walikuwa wamealikwa, lakini wanne walijua wamekuja kupiga makofi.

Ngosha alifika na suti ya kahawia iliyombana mabega. Alipomwona Precious alifungua mikono. "Mwanangu! Leo ukoo umepata daktari wa sheria!"

Kwa mila za kwao binti angepaswa kupiga goti. Precious alibaki amesimama. Hakumpa shikamoo. Mikono ya Ngosha ikabaki hewani, ikatafuta mahali pa kwenda, ikaishia kwenye kola ya suti yake mwenyewe. Ng'washi, ndani ya gauni lake la kanisani, alimpita kana kwamba pale pana kiti.

Wakili Revocatus alihutubia. Alisema familia ndiyo taifa dogo. Alisema ofisi yake imejitoa kufuta machozi ya wajane. Alipotamka neno wajane aliweka mkono kifuani, na Mwanvua akaona kati ya vidole vyake kijiti cha meno, amekisahau. Watu wakapiga makofi. Kisha mshereheshaji akamwita Precious mezani.

Precious akachukua kalamu, akafungua ukurasa wa tatu. Kamera zikasogea. "Tabasamu, binti," mpiga picha akasema.

"Naomba niondoke nao nikausome nyumbani," Precious alisema.

Wakili akacheka, ukumbi ukacheka naye. "Mwanangu, mawakili ni sisi. Tumeshakusomea."

"Basi naomba kipengele cha nane kitolewe."

Kicheko kikapungua. Wakili akainama, akaongea kwa sauti ya chini ambayo Mwanvua aliisikia vizuri kwa kuwa alikuwa karibu. "Usijiharibie. Mtoto wa muuza dagaa hapati nafasi mara mbili."

Precious akaweka kalamu chini. Hakuirusha. Aliilaza tu pembeni ya karatasi. "Sisaini," alisema. "Asanteni kwa kunialika." Akamshika mama yake mkono, wakatoka katikati ya viti, polepole, visigino vya Ng'washi vikigonga sakafu.

Mwanvua alikuwa ametegemea kitu kitokee. Mtu asimame, au aulize kipengele cha nane kinasema nini. Wakili alimnong'oneza mshereheshaji, mshereheshaji akainua kipaza sauti, akasema mheshimiwa mshindi amepata udhuru wa kifamilia, na sasa kwa furaha kubwa tunamwita Antoni, kijana mtetezi wa familia. Yule kijana aliyetoka kwenye nyumba ya watu wasiozungumza akaja akitetemeka kwa furaha, akasaini kila ukurasa bila kusoma hata mstari, kamera zikamulika, makofi yakapigwa yaleyale, kwa nguvu ileile. Ngosha akapiga makofi. Mizani ya keki ikakatwa. Hapakupita hata dakika tano.

"Gawa keki, Mama Nusrat," wakili alimwambia akipita.

Mwanvua aliitazama keki, sukari yake imeanza kulainika kwa joto na kuteleza kwenye sinia. "Sigawi, Wakili," alisema. "Na Jumatatu siji."

Wakili alimtazama kama mtu aliyeongeleshwa na kabati. Kisha akaelewa. Akamvuta nyuma ya pazia, penye makreti ya soda. "Ni wewe uliyewaambia."

"Ni mimi."

"Siri za wateja ni siri hadi kaburini. Nitakufungulia kesi hadi uuze kitanda."

"Nimeuliza," Mwanvua alisema. Kweli alikuwa ameuliza, kwa wale wasaidizi wa kisheria wa bure. "Siri ya mteja haifuniki kughushi."

"Na wewe ndiye uliyechapa. Umeghushi na wewe."

"Ndiyo," alisema. "Na hilo nitalisema."

Akalisema. Ilichukua miezi ya kuahirishwa na kurudi tena, lakini ombi la nje ya muda likakubaliwa, na siku ikafika Mwanvua akasimama mahakamani, akashika Msahafu. Hakimu alikuwa mama wa makamo, haandiki haraka.

"Shahidi, kikao hicho cha ukoo ulikiona?"

"Nilikiona, mheshimiwa. Kilikuwa na watu watatu, mmoja nikiwa mimi. Mwingine alikuwa anakula samaki."

Watu nyuma wakacheka. Hakimu hakucheka. Aliandika. Baada yake akaja mzee mmoja kutoka Magu, mmoja wa wale saba, akasema mwaka ule hakukanyaga Mwanza, na sahihi ile si yake, maana yeye kuandika hajui. Ngosha akatenguliwa usimamizi wa mirathi. Nyumba ikarudi kwa mjane na watoto. Kuhusu kughushi, Ngosha alifunguliwa jalada, na Mwanvua aliandika maelezo yake mwenyewe polisi mara mbili, akaambiwa akae akisubiri kuitwa. Malalamiko dhidi ya wakili yalipelekwa kunakohusika. Yeye bado anavaa joho. Mwaka uliofuata tangazo likatoka tena, na bibi mwingine amewekewa mkono begani.

Mwanvua hakupata ofisi nyingine. Mjini mawakili wanajuana. Alikodi meza kwenye stationari moja, akawa anachapa barua za maombi ya kazi na kadi za mialiko.

Miezi miwili baada ya hukumu alikwenda Mabatini. Hakuwa ameitwa. Alikuta Ng'washi anasugua ukuta wa sebuleni kwa brashi, maji meusi yakitiririka hadi uani. Ngosha alikuwa ameishi mle kama mtu asiye na kesho: masizi, mafuta ya kupikia ukutani, harufu ya mkojo pembeni ya mlango. Precious alikuwa ananing'iniza pazia.

"Karibu," Ng'washi alisema. Akaacha brashi, akanawa, akamletea maji kwenye bilauri, juu ya kisahani, kama mgeni. Akakaa mbele yake.

"Nimekuja kuwasalimu," Mwanvua alisema. "Na kukuomba radhi. Siku ile sikuomba. Niliongea tu."

Ng'washi aliwaza. Alikuwa mtu asiyeharakisha maneno. "Nakushukuru," alisema. "Mbele ya Mungu nakushukuru, bila wewe tusingekuwa humu. Lakini sitakudanganya, dada. Nikikuona bado kinyongo kinanipanda. Nakuona na ile sahani, watoto wanalamba. Nimeombea jambo hili kanisani na bado halijatoka. Likitoka nitakuja mwenyewe kukuambia."

"Haya," Mwanvua alisema. Naye mwenyewe alikuwa anajiona hivyohivyo. Akanywa maji yote.

Precious alimsindikiza hadi barabarani. Mkopo wa serikali ulikuwa umetoka, alisema, na mwezi wa kumi anaanza chuo, ustawi wa jamii. Sheria ameiacha. Alikuwa amejaribu kujiona ndani ya ofisi, nyuma ya meza, mtu anakuja na chakula chake, na akashindwa.

"Mama atakuja," alisema. "Anachelewa tu."

"Asijilazimishe," Mwanvua alijibu. Nyuma yao brashi ilikuwa imeanza tena kukwaruza ukuta.